Uvimbe Usiopanda

"Ni kansa ya tezi ya shingo," daktari alisema huku macho yake yako kwenye karatasi. "Na si ile kansa mpole. Upasuaji Alhamisi. Tutatoa tezi yote na chochote kilichoshikana nayo."

Waliomsikia walikuwa watatu kwenye viti viwili. Kipaza, mgonjwa mwenyewe, alikalia kimoja. Kaka yake mkubwa, karani wa ofisi ya maji, alikalia cha pili. Mumewe, kinyozi, alisimama nyuma yao kakumbatia bahasha ya picha za hospitali. Hakuna aliyemwambia asimame. Shemeji yake aliwahi kiti akaketi, na yeye si mtu wa kugombea kiti mbele ya daktari.

Kipaza lilikuwa jina la kazini, na hata nyumbani hakuna aliyemwita vingine. Miaka kumi na sita alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi, kwenye kichumba cha vioo juu ya madirisha ya tiketi, na hakuwa mtu wa kusoma ratiba tu akanyamaza. "Abiria wa saa nne, mlango wa tatu! Na wewe baba mwenye begi jekundu, amka, gari linakuacha na nauli haturudishi!" Kituo kizima kinacheka, baba anaamka, gari linaondoka na wote. Kuna watu walikuja kusindikiza wageni ambao wangeweza kwenda wenyewe, ili mradi wamsikie Kipaza akigombana na dunia.

"Na sauti yangu?" aliuliza.

"Mama, mimi naongelea uhai, wewe unaongelea sauti."

"Ndiyo naiulizia. Nyingine sina."

"Msamehe, daktari," kaka mtu alidakia, meno nje. "Dada yangu mdomo hauna breki."

Daktari alieleza, kwa ufupi wa mtu mwenye foleni mlangoni, kwamba mishipa ya sauti inapita palepale, kwamba watajitahidi, lakini kansa ikiwa imeikumbatia hawataiacha shingoni kwa ajili ya matangazo ya mabasi. Kinyozi akajikohoza. Akauliza kama majibu ya ile sindano ya kuvuta chembe waliyomchoma mkewe yanaweza kuwa yamekosea.

"Ningeweza kuvipeleka vile vioo vya maabara vyenye chembe zake hospitali kuu, wakavisoma na wao. Wiki tatu. Huyu mgonjwa wako ana wiki tatu za kuchezea?"

Daktari aligonga mhuri, akaita jina la anayefuata.

Muuguzi alikuwa ameagiza mgonjwa aje na kisogo kisafi, basi Jumanne mchana kinyozi alifunga banda lake mapema, akamkalisha mkewe kwenye stuli uani. Miezi mitatu Kipaza aliufunika ule uvimbe kwa skafu, hataki jicho wala kidole, hata cha mumewe. Siku hiyo aliivua mwenyewe akaitupa chini.

"Haya, utazame. Si ulikuwa unautamani?"

"Tulia, mashine itakukwangua."

"Nitulie vipi na hiyo mikono ya baridi! Wateja wako wanakuvumiliaje?"

"Wananilipa pia. Wewe hulipi na unapiga kelele."

Sasa, kwenye mambo ya koo, kinyozi usimchezee. Huyu alikuwa amepitisha wembe kwenye makoo ya watu kwa miaka ishirini na ushee: makoo manene, makoo ya vishipa, makoo yenye goita, ile tezi ikivimba hadi ukubwa wa ngumi. Na goita lina kanuni yake kazini. Mteja akimeza mate, donge zima hupanda juu pamoja na kikoromeo, likakutana na wembe njiani. Mwaka wake wa kwanza wa kazi alimkata hivyo mteja mmoja, fundi mwashi, na kofi alilokula siku ile lilimfundisha kuliko bosi wake. Tangu hapo, akiona shingo imevimba, humwambia mtu, "Meza kwanza, umalize," anasubiri donge lipande, lishuke, ndipo ananyoa.

Kwa mazoea hayo hayo akamwambia mkewe, "Meza mate."

Kipaza akameza. Kikoromeo kilipanda, kikashuka. Uvimbe, ulio kushoto yake, haukutikisika.

"Meza tena."

"Yamekauka!"

"Jikaze."

Akameza tena. Vile vile. Kinyozi akazima mashine, akaweka vidole viwili pale. Ukiusukuma kulia na kushoto, uvimbe unateleza vizuri tu. Ukiusukuma juu na chini, umegoma. Alipouminya kidogo, Kipaza alikohoa, kikohozi kikavu cha ghafla. Akaachia, kikakoma. Akaminya, kikaja. Mara ya tatu alipigwa kofi mkononi.

"Unanikaba? Ngoja basi kansa imalize kazi yake, una haraka gani?"

"Samahani."

"Mbona umenyamaza? Wewe ukinyoa hunyamazi."

"Nywele zimekwama kwenye mashine," kinyozi alisema, na mashine ilikuwa haina hata unywele mmoja.

Hakumwambia. Alijiuliza atamwambia nini: kwamba maabara ina darubini, yeye ana vidole viwili, na vidole vyake vinabisha? Akikosea atakuwa amempa mkewe tumaini la bure, na huyo mwanamke alishaanza kuwagawia watu nguo zake. Aliona heri aende kwa daktari kwanza, mwanamume kwa mwanamume, amweleze taratibu.

Taratibu haikupatikana. Jumatano asubuhi alimkuta daktari ukumbini, nje ya wodi, amezungukwa na wanafunzi wanne wenye makoti meupe mapya, na shemeji yake karani amesimama pembeni na faili. Karani ndiye aliyehangaika kupata nafasi ya Alhamisi, tena kwa kujuana, maana wengine walikuwa wameandikiwa miezi miwili mbele. Hakuruhusu mtu asahau hilo.

"Samahani daktari," kinyozi alianza. "Ule uvimbe wa mke wangu haupandi."

"Haupandi wapi?"

"Akimeza. Goita hupanda mtu akimeza. Huu unakwenda pembeni tu, juu hauendi. Na ukiuminya, anakohoa papo hapo. Ukiacha, anaacha. Mimi nadhani... nadhani hauko kwenye tezi."

Daktari alinyamaza. Ulikuwa unyamavu mfupi, lakini kinyozi aliuona, na baadaye angeukumbuka kuliko maneno yote. Kisha daktari akawatazama wanafunzi wake wanne, nao wakamtazama yeye.

"Kazi yako nini, mzee?"

"Kinyozi."

Mwanafunzi mmoja akafunika mdomo kwa daftari.

"Vizuri. Nikija kunyoa ndevu sitakufundisha kushika wembe. Kansa ikishajigandisha kwenye nyama za shingo, haipandi. Na anakohoa kwa sababu inambana koo. Umeridhika?"

Kila alichokileta kimepata pa kukaa ndani ya kansa ile ile. "Na vile vioo," kinyozi alisema, sauti imeshuka, "vya kupeleka hospitali kuu. Hizo wiki tatu..."

Hakumaliza. Shemeji yake alimshika kiwiko akamvuta hadi kwenye ngazi, akambana ukutani kama mwizi wa kuku.

"Una wazimu? Unajua nimewapigia magoti watu wangapi kuipata hiyo Alhamisi?"

"Shemeji, mimi nimeugusa kwa mkono wangu."

"Mkono wako! Mkono wako ungekuwa na maana dada yangu asingelisha nyumba ile peke yake. Nani asiyejua? Kodi yeye, ada yeye, na wewe uko bandani unapiga soga na watu wasio na kazi. Labda umechoka kulishwa, sema. Labda unataka afe ubaki na nyumba."

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Na akifa kwa sababu ulimchelewesha, nitasimama mbele ya watu wote, kabla hajazikwa, nikutaje. Nenda kamwambie daktari tena habari ya kupanda. Nenda."

Watu wawili walikuwa wanapandisha machela kwenye ngazi, wakaomba njia. Kinyozi akawapisha. Alifyata ulimi, akateremka, akaenda kufungua banda lake, na siku ile aliwanyoa watu saba bila kusema neno, mpaka mmoja akauliza kama kafiwa.

Fomu ya kukubali upasuaji ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa mgonjwa, mmoja wa ndugu wa karibu. Muuguzi aliiacha kitandani na kalamu juu yake, akasema anarudi baada ya dakika tano. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kipaza alikuwa ameshavalishwa joho la kijani linalofungwa mgongoni, na kaka yake amesimama miguuni pa kitanda akitazama saa.

Kipaza hakuishika kalamu.

"Baba watoto, njoo hapa. Wewe unaonaje?"

"Daktari ndiye anayejua."

"Sikukuuliza daktari anajua nini. Yeye nimemsikia, kaka nimemsikia, hata mfagiaji wa wodi kanipa maoni yake. Nakuuliza wewe mwenye vidole. Juzi ulinishika shingo ukabadilika uso. Ulikuta nini?"

Kinyozi alimtazama shemeji yake. Shemeji yake aliacha kutazama saa.

"Nilikuta uvimbe," kinyozi alisema.

"Basi?"

"Basi."

"Ukisaini wewe, na mimi nasaini. Usiposaini, navaa nguo zangu twende nyumbani, nife nikitangaza mabasi. Mimi kaka yangu simwamini, daktari simjui. Wewe umewahi kunidanganya mambo madogo madogo tu."

Alisema kwa dhihaka, kama alivyosema kila kitu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa mumewe kwa nguvu. Hapo ndipo mahali penyewe. Maneno matatu tu yangetosha, "Ngoja kwanza, mama," na kinyozi alikuwa nayo mdomoni. Aliogopa. Tusimpambe. Aliogopa kukosea, aliogopa kuchekwa tena, na zaidi ya yote aliogopa kusimamishwa mbele ya waombolezaji na kuambiwa ndiye aliyeua.

"Tusaini, mke wangu," alisema. "Tukamalize."

Akasaini yeye kwanza. Kipaza akasaini chini yake.

Kipaza alikaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa tano. Alipozinduka alitaka kuomba maji, na kilichotoka ni upepo. Wakasema ni kawaida, ni uvimbe wa jeraha, itarudi. Wiki ya kwanza ilikuwa upepo. Wiki ya pili ilikuwa upepo wenye mkwaruzo ndani yake. Alipewa vidonge vya kuchukua nafasi ya tezi, akaambiwa atavimeza kila asubuhi hadi mwisho wa maisha yake.

Kituoni hawakusubiri. Meneja alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi, akamsifia kwa muda mrefu sana, kisha akatoa barua. Kazi yake imeshikwa na binti mmoja mwenye sauti nzuri, kwa muda tu, na yeye akipona atapangiwa stoo ya mizigo, kubandika namba kwenye mabegi. "Kule hakuna haja ya kuongea," meneja alisema, akidhani anafariji. Kipaza aliikunja barua mara nne, akafungua mlango, akausimamia mpaka mgeni akaelewa.

Siku ya ishirini karani alipiga simu, anapiga kelele. Majibu ya nyama waliyoitoa yametoka. Hakuna kansa! Haikuwepo hata chembe! Ni uvimbe wa mshipa wa fahamu, adimu, usiodhuru, umeshatoka wote. Jioni ile ile alifika na kreti ya soda, mkewe, na majirani aliowaokota njiani. Wakajaa sebuleni, wakamshukuru Mungu, wakamshukuru daktari, wakaanza kuulizana wampelekee zawadi gani. Kipaza alikaa kati yao na bilauri mkononi, akiitikia kwa kichwa.

"Na huyu bwana hapa," karani alisema akimpiga shemeji yake begani, furaha imempanda, "alitaka kutuvurugia! Anamfuata daktari ukumbini, eti uvimbe haupandi, eti ukiuminya anakohoa, eti hauko kwenye tezi! Nikamburuta mimi. Kumbe kinyozi wa watu alikuwa amepatia! Ha! Shemeji, ufungue kliniki!"

Wengine wakacheka. Kipaza akasema kitu, hakuna aliyesikia. Akaigonga bilauri mezani hadi soda ikamwagika, watu wakanyamaza.

"Lini?" Ilibidi wainame kumsikia. "Alisema lini?"

"Jumatano," karani alisema, naye sasa ameanza kupunguza tabasamu. "Siku moja kabla. Lakini mambo yamekwisha, dada. Uko hai."

Kipaza hakumtazama kaka yake. Alimtazama mumewe, na kinyozi, mbele ya wageni wote wale, alieleza kila kitu, mashine, mate, vidole, ukumbi, ngazi. Alieleza vizuri. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mke wa karani akainuka akatafuta kitambaa cha kufutia soda.

Siku mbili Kipaza hakumsemesha. Ya tatu asubuhi alivaa viatu, akamfuata uani anakonoa wembe.

"Twende kwa daktari," alinong'ona. "Mimi sisikiki. Wewe utakuwa mdomo wangu. Nitakachokuambia, sema vile vile."

Safari hii viti vilitosha, na daktari alisimama kuwapokea. Akatabasamu, akasema mama amependeza. Kipaza akamvuta mumewe sikio.

"Anauliza," kinyozi alisema, "hiyo tezi mliyoitoa, ilikuwa na nini?"

Daktari alipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Tezi yenyewe ilikuwa safi."

"Anauliza, safi inatolewa kwa nini?"

"Eleweni jambo moja. Huu uvimbe ni nadra sana. Unaota kwenye ganda la mshipa wa fahamu, jirani kabisa na tezi. Sindano inavuta chembe chache tu, na chembe zake ni ndefu ndefu, zinafanana na za kansa mbaya ya tezi. Sisi kwenye fomu tuliandika tezi, nao maabara wakasoma tezi. Hata mabingwa huchanganya."

Kipaza alinong'ona kwa muda. Mkono mmoja aliuweka shingoni, juu ya kovu.

"Anauliza, ungejua mapema ni wa mshipa, ungemkata vile vile?"

"Hapana," daktari alisema, baada ya kufikiri. "Tungeumenya peke yake. Tezi tungeiacha, na mshipa tungejitahidi kuubakiza."

"Na sauti?"

"Pengine ingebaki. Siwezi kuapa. Lakini mama, hebu tazama ulichopata! Ulikuja hapa na hukumu ya kifo, umeondoka huna kansa. Na wakati ule, kwa ukweli kabisa, hakuna binadamu ambaye angeweza kujua."

Kipaza akamvuta mumewe tena. Kinyozi akasikiliza, akafungua mdomo, akaufunga.

"Sema," Kipaza alisema, na hilo walilisikia wote.

"Anasema yupo binadamu aliyejua." Alimeza mate. "Anasema, mume wangu alinigusa shingo akajua. Akaja akakwambia wewe, ukamuuliza kazi yake mbele ya wanafunzi wako, mkamcheka."

Daktari alitazama meza. Nje muuguzi alikuwa anaita majina.

"Nisingeweza," daktari alisema, "kwa maneno ya..." Akaacha hapo.

Kinyozi alidhani wamemaliza, akashika mkono wa kiti ainuke. Kipaza alimkamata ukosi wa shati akamrudisha chini, akaweka mdomo sikioni mwake. Alinong'ona polepole, neno kwa neno, na kila mara pumzi ilipomwishia alisubiri ikajaa akaendelea. Macho ya kinyozi yalijaa maji.

"Usipunguze," alinong'ona mwishoni.

"Anasema," kinyozi alisema, "barua ya malalamiko juu yako wewe ameshaiandika. Anaipeleka leo kwa mganga mkuu wa hospitali, na nakala anaipeleka popote inapopokelewa." Mkewe akamgusa kwa kiwiko. "Na anasema, mimi aliniuliza kitandani, ameshika kalamu, na mimi nikamwambia asaini. Anasema malalamiko yake juu yangu mimi hajui ayapeleke ofisi gani."